Kisogo cha Jiwe

Kila Jumamosi, kabla jua halijavuka paa la jikoni, Kiguu alikuwa ameshakoroga rangi. Alianza na kopo la nyeupe, kisha la buluu, akizungusha kijiti taratibu mpaka mafuta yaliyotanda juu yakapotea na rangi ikawa nzito kama mtindi. Halafu alisuuza brashi kwa mafuta ya taa, akazikausha kwa kitambaa, akafunga kamba za viatu vyake mafundo mawili mawili.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita. Jina la Kiguu alipewa na shangazi yake aliyemlea, kwa sababu tangu alipojifunza kutembea alikuwa kiguu na njia. Ukimtafuta ndani, yuko nje. Ukimtafuta nje, yuko bondeni.

Shangazi alikuwa mtunza njia. Si barabara ya magari, bali njia ya miguu. Inaanzia juu mgongoni mwa mlima, ambako mawingu hulala mpaka saa nne asubuhi na nyasi ni fupi kama nywele za mtu aliyenyolewa juzi. Inateremka katika msitu wa misonobari, inakata mashamba ya matuta, inafuata ukingo wa korongo, kisha inapita katikati ya majabali na kutokea ufukweni. Watembeaji kutoka mbali huimaliza kwa siku tatu, mikoba mikubwa mgongoni na fimbo mbili mikononi, utadhani wana miguu minne. Sehemu ya shangazi ilikuwa ya mwisho, kilomita saba, kutoka nyumba yao iliyokuwa ukingoni mwa msitu mpaka baharini.

Njia hiyo haikuota kama uyoga. Ilikatwa kwa sururu na mababu wa watu wa pale pale, waliotolewa mashambani mwao kwa nguvu ili wakubwa wa zama zile wapande mlimani na farasi wakapunge upepo. Watu wanne waliangukia korongoni. Kule juu kuna kibao cha shaba chenye jina la bwana aliyekuja siku moja, akakata utepe, akanywa chai, akaondoka. Majina ya wale wanne hayakuandikwa popote. Shangazi aliyajua yote, na mmoja alikuwa babu yake mzaa baba.

Sasa njia ilikuwa imepata adui mpya. Miaka sita nyuma ilijengwa hoteli ufukweni, na kilomita ya mwisho ya njia ilipita mbele ya viti vyake. Asubuhi wanawake wa matutani walipita hapo na vikapu kwenda kuokota chaza maji yakishakupwa. Meneja wa hoteli alisema wageni wake hawakuja kutazama vikapu. Aliandika barua akitaka kipande hicho kifungwe. Ofisi ya Njia ilijibu kwamba mkaguzi angekuja siku ya Ijumaa: akiikuta njia imetunzwa vizuri, itabaki wazi, akikuta kasoro, itafungwa. Ikifungwa, wanawake watazunguka kwa barabara kuu, kilomita kumi na moja.

Na wiki hiyo hiyo goti la shangazi likavimba.

"Utakwenda peke yako," alimwambia Kiguu Jumamosi asubuhi, mguu wake ukiwa juu ya kigoda. "Mvua ya msimu mzima imekula alama zote. Unajua kazi?"

"Najua, shangazi. Mstari mweupe juu, wa buluu chini. Penye njia panda, mshale upande wa kweli, msalaba upande wa uongo."

"Na?"

"Na kwenda na kurudi."

"Kwa nini kurudi?"

Kiguu alivuta pumzi kama mtu aliyeulizwa jedwali la mbili. "Kwa sababu jiwe lina uso na lina kisogo. Anayeteremka anaona uso, anayepanda anaona kisogo. Ukipaka ukiwa unateremka tu, anayetoka baharini hana alama."

"Unaongea kama kasuku, lakini sawa. Ukiteremka, paka nyuso. Ukipanda, paka visogo. Usijitie ujanja wa kuzunguka jiwe papo hapo. Hutajua macho ya anayepanda yanatua wapi mpaka upande mwenyewe. Haya, nenda, na uwe na akili."

Kiguu alifanya kazi vizuri. Hilo lazima lisemwe. Alipaka jiwe baada ya jiwe, akikwangua kwanza ukoga wa kijivu kwa kisu butu ili rangi ishike. Alipaka katika matuta. Alipaka ukingoni mwa korongo. Kwenye njia panda ya majabali, ambako njia moja inapita na nyingine inaishia ghafla ukingoni mwa genge, alichora mshale safi kuliko yote. Mchana akafika ufukweni, mgongo ukimuuma, makopo yakiwa nusu.

Mchangani wenzake wa darasani walikuwa wakicheza mpira.

"Kiguu! Njoo, tumepungukiwa mlinda mlango!"

"Nina kazi."

"Kazi gani? Kupaka mawe wanja? Mawe yanakwenda harusini?"

Walicheka, na yeye akacheka. Akaweka makopo chini, akadaka mpira mmoja, kisha wa pili. Alipoinua macho, jua lilikuwa limeinama na mlima umevaa wingu jeusi. Kilomita saba za kupanda, na rangi mkononi. Barabarani lori la kokoto lilikuwa likipandisha, na dereva alikuwa jirani yao.

Kiguu alisimama kidogo. Kisha akaenda nyuma ya jabali kubwa lililo jirani na maji, akamwaga rangi yote iliyobaki, nyeupe na buluu, akaisukumia mchanga kwa mguu. Akapanda lori.

"Umerudi kwa miguu?" shangazi aliuliza jioni.

"Ndiyo, shangazi."

"Kisogo cha njia panda umekipaka?"

"Nimekipaka."

Shangazi alipindua makopo, akayaona matupu. Akavuta kitabu cha njia, akaandika tarehe, akaandika *kwenda na kurudi*, akaweka sahihi. Hakuwahi kusaini jambo ambalo macho yake hayakuliona. Siku hiyo alisaini, kwa sababu mtoto ni wake.

Jumatano, muuguzi mmoja mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na ushee, alianza safari kutoka baharini kwenda mlimani. Alitaka kuitembea njia yote kabla magoti yake hayajamkatalia. Alipofika njia panda ya majabali alitazama kushoto, akatazama kulia. Mawe yalikuwa ya kijivu kote kote. Akachukua kushoto. Hatua mia mbili mbele, kokoto ziliporomoka chini ya viatu vyake, akaserereka mpaka chini ya genge. Mguu ukavunjika.

Alikaa pale mchana wote na usiku wote. Alhamisi asubuhi mchunga mbuzi alisikia sauti kama ya mwanambuzi, akafuata. Alikuwa mtu wa makamo aliyehamia pale kutoka mbali, hana mke wala ndugu, ana mbuzi kumi na tisa tu. Alimbeba yule mama mgongoni, akapanda naye genge, akateremka naye mpaka hotelini kuomba gari. Alipofika alikuwa anatokwa damu magotini na unyayoni.

Hotelini hawakumpa hata maji. Walimwuliza: wewe ulijuaje alipo? Kufika saa sita, mchunga mbuzi alikuwa mahabusu.

Habari hizo zilimfikia Kiguu darasani, kupitia dirishani, kama habari zote mbaya.

"Mchunga mbuzi kafuta alama za njia!" kijana mmoja alitangaza. "Hataki wageni wapite malishoni mwake. Bibi wa watu kavunjika mguu!"

"Wapi?" Kiguu aliuliza.

"Njia panda ya majabali."

Usiku ule hakula. Shangazi alidhani ni homa, akamwekea mkono kwenye paji la uso. Mkono ule ulimwunguza kuliko homa yenyewe.

Ijumaa mkaguzi alikuja kama alivyoahidi. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Alitaka kila mtu awe pale pale kwenye njia panda. Meneja wa hoteli alikuja na viatu vinavyong'aa. Shangazi alikuja akichechemea na fimbo, Kiguu nyuma yake na kitabu cha njia. Mchunga mbuzi aliletwa na askari.

"Mama, sahihi hii ni yako?" mkaguzi aliuliza.

"Yangu," shangazi alisema.

"Jumamosi, kwenda na kurudi. Kwa hiyo alama ya wanaopanda ilikuwepo."

"Kama imeandikwa, ilikuwepo."

"Na leo haipo." Mkaguzi alimgeukia mchunga mbuzi. "Wewe unasemaje?"

"Mzee wangu, mimi nitasema nini?" Sauti ya mchunga mbuzi ilikuwa imekauka. "Nimembeba mgonjwa mgongoni. Ningejua kubeba mgonjwa ni kosa, bado ningembeba. Lakini rangi sijaigusa. Nikiifuta nitapata nini? Mbuzi hawali rangi."

"Mara ngapi tumekufukuza wewe na mbuzi wako?" meneja alidakia. "Una kinyongo. Mkaguzi, jambo liko wazi."

Mkaguzi alifungua kalamu. "Kama aliyefuta ni huyu, basi mtunza njia hana kosa, na njia yenyewe haina kosa. Naandika hivyo, njia inabaki wazi. Kesi ya huyu ni ya polisi."

Wanawake wawili wa vikapu waliokuwa wamesimama kando walishusha pumzi. Hata shangazi alishusha pumzi. Njia imepona, kazi imepona. Kiguu hakuhitaji kusema uongo mwingine wowote. Alihitaji kunyamaza tu, mpaka kalamu ifike mwisho wa mstari.

Alimtazama mchunga mbuzi. Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Mguu mwingine ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kimeshika damu ya jana. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza kingine kiko wapi.

"Hajafuta," Kiguu alisema.

"Nini, binti?"

"Hajafuta kitu. Hapakuwa na kitu cha kufuta. Mimi ndiye niliyepaka Jumamosi, na sikurudi kwa miguu. Nilirudi na lori. Nilimdanganya shangazi."

Bahari ilisikika chini, na mwanamke mmoja wa vikapu akasema polepole, "Mtoto huyu katumaliza."

Meneja alicheka. "Kafundishwa. Hawa wote ni lao moja."

"Una ushahidi?" mkaguzi aliuliza.

Kiguu aliwaongoza mpaka ufukweni, nyuma ya lile jabali kubwa, akafukua mchanga kwa mikono. Rangi ilikuwa imeganda kama ngozi, nyeupe na buluu. Mkaguzi alichuna kipande, akakigeuza. Kisha alirudi njia panda, akapiga goti nyuma ya jiwe, akapitisha kidole. Ukoga wa kijivu ulikuwa mzima. Jiwe lililofutwa rangi lisingebaki na ukoga. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yao wote tangu asubuhi, lakini nani angeutafuta, ilhali mwenye mbuzi yupo?

"Mfungue," mkaguzi alimwambia askari.

Askari alifungua. Hakuna aliyesema samahani. Siku ile moja aliyofungiwa, mbuzi wake wawili walikuwa wameporomoka korongoni.

Shangazi alisogea mbele, akaegemea fimbo. "Mkaguzi, kosa la kwanza ni la huyu mtoto. La pili ni langu. Nimesaini nisichokiona. Lakini kupaka visogo vya mawe haya ni kazi ya mchana mmoja. Nipe leo tu. Nitapanda kwa magoti ikibidi."

"Utaratibu, mama. Kitabu kimekutwa na uongo."

"Njia imekatwa na watu wetu, wanne wamekufa ndani yake. Mnaifunga kwa sababu ya mtoto aliyecheza mpira?"

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa na huruma kweli kweli, na akaandika vile vile alivyotumwa kuandika. Shangazi aliachishwa kazi. Kilomita ya mwisho ikafungwa "mpaka itakapoamriwa vinginevyo." Wino haujakauka vizuri, wafanyakazi wa hoteli walianza kutoa nguzo na waya wa miba. Nguzo hizo zilikuwa nyuma ya jiko la hoteli tangu kabla ya mvua. Wino wa barua ya mkaguzi hata haujatengenezwa, nguzo zilikuwepo.

Jumapili shangazi alimpeleka Kiguu hospitali. Muuguzi mstaafu alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa.

"Ni mimi niliyeacha kupaka alama," Kiguu alisema, akiinua macho kumtazama. "Nimekuja kuomba radhi."

Yule mama alimtazama kwa muda. "Unajua kule chini nilikuwa nafanya nini? Nilihesabu mpaka elfu, kisha naanza upya, ili nisilale. Nilijua nikilala, baridi itanichukua. Daktari anasema mlimani sitapanda tena. Kwa hiyo sijui kama nimekusamehe, mjukuu wangu. Niulize tena mwakani. Lakini umekuja, na umenitazama. Wengine waliohusika hawajaja hata mmoja."

Mwezi mmoja baadaye shangazi alikuwa akigonga kokoto kando ya barabara kuu, mguu wenye goti bovu ameunyoosha mbele. Kiguu alikuwa akija kumsaidia kila akitoka shule, akichagua mawe na kuyasogeza. Siku moja wanawake wa vikapu walipita, wameshakwenda kilomita saba na bado nne. Mmoja alisimama, jasho likimtiririka chini ya ngata.

"Kiguu, ulimi wako umetutembeza!"

"Shemeji," shangazi alisema bila kuacha kugonga, "waliofunga njia wana majina, na unawajua. Huyu alifungua mdomo. Hakufunga njia."

"Nawajua," mwanamke alijibu. "Lakini wale siwezi kuwafokea, shemeji yangu. Huyu naweza."

Akaondoka. Kiguu alingoja mpaka kikapu cha mwisho kikapotea kwenye kona.

"Shangazi, ningenyamaza ingekuwaje?"

"Njia ingekuwa wazi, na mimi ningekuwa na kazi," shangazi alisema. "Sitakudanganya, uongo umetosha nyumbani kwetu. Ungenyamaza, sisi tungepona, na mchunga mbuzi angeoza ndani. Wewe ungekua ukiwa na mtu huyo ndani ya tumbo lako. Ungemlisha kila siku maisha yako yote."

"Lakini ukweli haukutusaidia kitu."

Shangazi aliweka nyundo chini. Alimfuta Kiguu vumbi la mawe usoni kwa ncha ya khanga, kwa nguvu kidogo, kama anayemfuta mtoto mdogo.

"Nani alikuambia ukweli ni duka, uingie na sarafu utoke na mkate? Nisikilize. Ulifanya makosa mawili. Ulikimbia kazi, halafu ukasema umeimaliza. La kwanza ni uvivu. Mtoto huchoka, ningekupiga makelele yakaisha, kesho yake tungekwenda kupaka. La pili ndilo lililowapa wale watu mlango. Walikuwa wamesimama nje na nguzo zao, wanangoja uongo wetu mmoja tu, hata mdogo. Mwenye nguvu akikosea, wanasema ni bahati mbaya. Sisi tukikosea, wanasema ndiyo sababu. Kwa hiyo kazi yako uimalize hata upande usioonwa na mtu, na ukishindwa, sema umeshindwa siku hiyo hiyo. Usingoje mpaka wapate mnyonge wa kulipa."

"Na njia?"

"Njia wameichukua. Nilikuwepo walipochukua mlima, nilikuwa mdogo kuliko wewe. Nilikuwepo walipochukua msitu. Sasa nimekuwepo hapa." Aliinua nyundo. "Wewe ni mdogo, utakuwepo kwa muda mrefu kuliko mimi. Mtu akija kukuuliza ilifungwa vipi, mwambie yote, na sehemu yako usiiruke. Ukiruka sehemu yako, hawatakuamini utakapotaja yao. Haya, nisogezee lile jiwe. Si hilo, lile kubwa."

Kiguu alilisukuma kwa mikono miwili mpaka likafika chini ya nyundo.